Kutoka Shuleni Hata Kazini

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Wengi huichukua mithali hii kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ukiitazama vema utaona ya kuwa ndani yake mna heshima pia, maana anayepewa jembe amekwisha kuwa mwenyeji. Hatandikiwi tena mkeka wa wageni; amehesabiwa pamoja na watu wa nyumba.

Basi, ndugu msomaji, zifikiri nyumba za kijiji chako. Je, hakuna nyumba ambayo ndani yake yumo kijana ambaye hajapewa jembe kamwe? Labda haoni, au hasikii, au ni mzito wa kufahamu. Si kwamba hapendwi. Hulishwa, huvikwa, na pengine amepelekwa shuleni akajifunza kusoma. Lakini siku alipotoka shuleni alirudi akaketi barazani kwa baba yake, na hata leo ameketi papo hapo. Wenzake wamejenga, wameoa, wanasomesha watoto wao. Yeye amekuwa mgeni wa siku zote katika nyumba aliyozaliwa.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Watu wa Ulaya na Marekani wamelishughulikia kwa miaka zaidi ya 200. Wamepata mambo mema, na wamefanya makosa makubwa ambayo mengine wamechelewa mno kuyatambua. Nia ya maneno haya ni kusimulia habari zao, ili sisi tulio nyuma yao tuchukue kilicho chema na tuepuke shimo walilotumbukia.

I. NYUMBA YA SADAKA NA NYUMBA YA MASOMO

Katika mji wa Paris, ulio mkuu wa nchi ya Ufaransa, iliwekwa nyumba ya kuwatunza vipofu karibu na mwaka 1260, zamani za mfalme Louis wa Tisa. Iliitwa Quinze-Vingts, maana yake "ishirini mara kumi na tano," kwa sababu ilikusudiwa kwa watu 300. Waliokaa humo walipata malazi, tena walikuwa na ruhusa ya kuomba sadaka mjini. Kwa karne nyingi hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa kazi ya kipofu, yaani kuomba. Watu wengi hawakudhani ya kuwa iko nyingine.

Hata mwaka 1771 bwana mmoja, jina lake Valentin Haüy, alipita katika gulio la Saint-Ovide mle mjini. Akaona kundi la vipofu wameketishwa mahali pa juu, wamevikwa mavazi ya kuchekesha na miwani kubwa zisizo na kazi, mbele yao yamewekwa maandishi ya muziki wasiyoweza kuyaona, nao wakipiga vinanda vyao ovyo ili watu wapate kucheka. Watu walicheka sana. Haüy hakucheka. Aliondoka pale moyo wake umechomwa, na neno hilo halikumtoka kwa miaka mingi.

Mwaka 1784 alimkuta kijana kipofu, François Lesueur, akiomba mlangoni pa kanisa. Haüy akataka kumfundisha kusoma. Lakini yule kijana hakuweza kuacha kuomba tu, kwa kuwa vile visenti ndivyo vilivyomlisha yeye na jamaa zake. Ndipo Haüy akakubali kumlipa fedha badala ya sadaka ambazo angezikosa. Tusilipite jambo hili kwa haraka. Mwalimu huyu wa kwanza wa vipofu wa Paris alitambua tangu siku ya kwanza ya kuwa masomo na mkate haviachani. Kijana mwenye njaa hawezi kuambiwa asome leo, na habari ya chakula itazamwe baadaye.

Lesueur akajifunza kusoma kwa vidole, kwa herufi zilizotokeza juu ya karatasi. Mwaka 1785 Haüy akafungua shule yake. Wanafunzi walisoma, walihesabu na walijifunza muziki. Lakini pia walisokota nyuzi, walifuma, walijalidi vitabu na walipiga chapa. Mwishoni mwa mwaka 1786 waliitwa Versailles, wakaonyesha ujuzi wao mbele ya mfalme mwenyewe.

Lakini mambo mema hayadumu yasipolindwa. Yakaja mapinduzi ya Ufaransa, ikaja dhiki ya fedha, na mwaka 1801 serikali ikawachukua wanafunzi ikawaunganisha na wazee wa Quinze-Vingts. Kwa macho ya mwenye kuhesabu fedha shauri hilo lilikuwa jema: vipofu hawa na vipofu wale, kwa nini wawe na nyumba mbili? Naye hakuona ya kuwa nyumba zile zilikuwa na nia mbili zisizopatana. Moja ilimpokea mtu ili akae humo mpaka afe. Nyingine ilimpokea ili siku moja atoke. Shule haikupata tena nyumba yake yenyewe mpaka mwaka 1816. Tuyakumbuke maneno haya mawili, kukaa na kutoka, kwa maana tutayakuta tena mbele.

II. KAZI INAYOTAKIWA NA WATU

Mwanafunzi wa shule hiyo ajulikanaye kuliko wote ni Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, na baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 3 alichezea chuma cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho, na ule ugonjwa ukalivukia jicho la pili. Mwaka 1819 akapelekwa Paris shuleni. Alipofika miaka 15 alikuwa amekwisha kutengeneza yale maandishi ya nukta sita ambayo vipofu wa dunia nzima huyasoma hata leo. Alikuwa mwalimu katika shule iyo hiyo, tena mpiga kinanda wa kanisa. Alifariki mwaka 1852, na maandishi yake hayakupokewa rasmi na shule yake mpaka mwaka 1854.

Habari hizo wengi wamezisikia. Ni wachache waliosikia habari za mwenziwe, Claude Montal, aliyezaliwa mwaka 1800, naye alipofuka angali mtoto mdogo. Kwa jambo letu la leo, Montal ndiye mwalimu wetu.

Mle shuleni mlikuwa na piano, yaani kinanda kikubwa chenye nyuzi nyingi za chuma. Nyuzi hizo hulegea, na kila baada ya muda hapana budi fundi aje azikaze na kulinganisha sauti zake. Montal na mwenzake mmoja wakaanza kuijaribu kazi hiyo wenyewe. Fundi aliyekuwa akilipwa na shule akawashtaki kwa mkuu, na mkuu akawakataza wasiguse kitu. Hawakukata tamaa. Wakapata piano kuukuu, wakaifungua kipande kwa kipande, wakakijua kila kipande kwa vidole, kisha wakaijenga upya ikalia vizuri. Mkuu alipoona hayo akayaacha makatazo yake, akawakabidhi vinanda vya shule wavitunze.

Lakini kujua kazi ndani ya kuta za shule ni jambo moja, na kupata kazi mjini ni jambo jingine. Karibu na mwaka 1830 Montal alitoka shuleni akatafuta riziki. Watu walimwonea huruma, ila hawakumpa piano zao. Walidhani ataziharibu. Inasimuliwa ya kwamba mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha muziki cha Paris alikuwa na piano mbili zilizotengenezwa na mafundi mbalimbali, akataka zilinganishwe sauti ili zipigwe pamoja, kazi ambayo ilikuwa ngumu hata kwa mafundi wenye macho. Montal akaifanya. Mwalimu yule akapendezwa, akamtaja kwa wengine. Na tangu hapo kazi ikaanza kuja. Mwaka 1836 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kulinganisha piano zao wenyewe. Baadaye akawa na karakana yake, akiunda piano na kuziuza, na mwaka 1851 akapewa nishani ya heshima ya Ufaransa. Alipokufa mwaka 1865 kazi ile ilikuwa imekwisha kufunguka kwa vipofu wengine, na ikaenea katika nchi nyingi.

Twapata nini katika habari hii? Kwanza, Montal aliijua kazi yake yote, wala si nusu yake. Pili, kazi yenyewe ilitakiwa na watu. Piano zilikuwa nyingi mjini, nazo zililegea vilevile bila kujali ni nani atakayezikaza. Tatu, alipatikana mtu mmoja mwenye jina aliyethubutu kumpa kazi mbele ya watu. Mambo haya matatu yalikwenda pamoja. Ungaliondoa moja, Montal angalirudi kuketi barazani.

Linganisha na yaliyofanyika mahali pengi pengine. Vipofu wengi wa Ulaya walifundishwa kufuma vikapu na kutengeneza burashi, si kwa sababu vikapu vilikuwa haba, bali kwa sababu ilidhaniwa ya kuwa hiyo ndiyo kazi ya vipofu. Vitu vyao vilinunuliwa kwa huruma, na huruma haina soko la kudumu. Mitambo ilipokuja kutengeneza burashi kwa bei ndogo, vyumba vile vya kazi vikabaki kutegemea sadaka.

Huko London walikuwapo watu wawili walioielewa tofauti hii. Mmoja ni Thomas Rhodes Armitage, daktari aliyeacha udaktari wake kwa sababu ya kuharibika macho. Wa pili ni Francis Joseph Campbell, kipofu, mzaliwa wa Tennessee katika Marekani. Mwaka 1872 walianzisha chuo cha vipofu ambacho nia yake iliyotangazwa wazi ilikuwa moja, kwamba mwanafunzi atoke akiwa aweza kujilisha. Walifundisha muziki na kulinganisha piano, na Campbell akataka wanafunzi wake wawe na miili yenye nguvu na mioyo isiyoogopa njia, maana alijua ya kuwa fundi asiyeweza kwenda mwenyewe nyumbani kwa mteja hana kazi. Yeye mwenyewe alipanda mlima Mont Blanc mwaka 1880. Wanafunzi wa mtu kama huyo hawakuwa na udhuru wa kuketi.

III. SHIMO WALILOTUMBUKIA

Sasa twageukia vijana wa namna nyingine, wale ambao macho yao yaona na masikio yao yasikia, lakini akili zao ni nzito katika kujifunza. Habari zao ni za huzuni zaidi.

Mwaka 1800 mtoto mmoja wa kiume alipatikana akiishi porini katika wilaya ya Aveyron, kusini mwa Ufaransa, hana nguo wala hana maneno. Aliitwa Victor. Daktari Jean Itard, wa shule ya viziwi ya Paris, akamfundisha kwa muda wa miaka kama mitano. Victor hakupata kusema, na Itard akaona ya kuwa ameshindwa. Lakini Victor alijifunza kutambua maneno yaliyoandikwa, kufanya kazi za nyumbani, na kumpenda mama aliyemtunza, Bibi Guérin, ambaye alikaa naye mpaka alipokufa mwaka 1828. Mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin, alitazama mahali pale pale ambapo mwalimu wake aliona kushindwa, naye akaona njia. Alifundisha mkono, jicho na mguu kwanza, akilipasua kila jambo vipande vidogo vidogo, na mwaka 1846 aliandika kitabu kikubwa juu ya kuwafundisha watoto hao.

Katika mji wa Boston, Marekani, alikuwapo daktari Samuel Gridley Howe. Tangu mwaka 1832 alikuwa mkuu wa shule ya vipofu, na mwaka 1848 alifungua shule kwa watoto wenye akili nzito. Nia yake ilikuwa wakae miaka michache, wafundishwe, kisha warudi kwao wakafanye kazi pamoja na jamaa zao. Wengine wakaiga, na majumba ya namna hiyo yakaongezeka. Basi mwaka 1866 Howe aliitwa katika mji wa Batavia, jimbo la New York, wakati wa kuweka jiwe la msingi la shule mpya ya vipofu. Watu walingoja sifa. Yeye akawaonya juu ya kuwakusanya pamoja watu wenye upungufu wa namna moja na kuwatenga na wenzao. Alisema ya kuwa watu hao yafaa wachanganyike na watu wengine, na majumba kama yale yawe machache kadiri iwezekanavyo. Ni mara chache mwenye kujenga husimama juu ya msingi akawaonya wajenzi wenziwe.

Hawakumsikia. Majumba yakawa makubwa zaidi, na nia ya kutoka ikageuka polepole kuwa nia ya kukaa. Sababu zilikuwa nyingi. Vijana waliofundishwa walirudi vijijini na mijini wasipate wa kuwaajiri, basi wakarudishwa. Tena likaingia neno baya, nalo lilipata nguvu sana mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwamba watu wenye akili nzito ndio shina la ulevi, wizi na uchafu wa miji, na ya kuwa ni lazima watengwe wasije wakazaa. Katika Uingereza, Mary Dendy alifungua makao huko Sandlebridge mwaka 1902, akitaka watoto wa namna hiyo wawe chini ya ulinzi maisha yao yote. Sheria ya mwaka 1913 ikawapa wakuu nguvu ya kuwafungia watu katika makao ya namna hiyo.

Tusidhani ya kuwa watu hao wote walikuwa wabaya wa moyo. Ipo hofu moja ambayo kila mzazi wa mtoto kama huyo aijua, naye huilalia na kuamka nayo: "Nitakapokufa, ni nani atakayemtunza?" Makao yale yalijibu hofu hiyo. Yalimwambia mzazi, lala salama, mwanao atakuwa na paa na chakula mpaka siku ya mwisho. Jibu lilikuwa la kweli, lakini bei yake ilikuwa maisha yote ya mtoto.

Na ndani ya makao hayo palikuwa na ajabu moja. Ni nani aliyelima mashamba yao? Ni nani aliyefua nguo za mamia ya watu, aliyepika, aliyewaosha na kuwalisha waliokuwa dhaifu zaidi? Katika mengi ya makao hayo ni wao wenyewe, wale walioitwa hawawezi, nao hawakupata ujira kama mtu mwingine. Kijana aliyesemwa kuwa hafai kuajiriwa nje ndiye aliyeilisha nyumba nzima ndani. Kumbe nguvu za kufanya kazi alikuwa nazo. Alichokosa ni mlango wa kutokea.

Katika Uingereza walikuwapo watoto ambao kwa sheria walihesabiwa kuwa hawafundishiki kabisa, mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipoondoa hesabu hiyo na kuwaweka wote chini ya idara ya elimu.

IV. BREKI YA BAISIKELI

Katika siku zile zile alikuwapo Marekani mwalimu mmoja, Marc Gold, aliyekuwa amefundisha watoto wenye akili nzito, kisha akaenda chuo kikuu cha Illinois kufanya uchunguzi. Gold hakuuliza kwamba kijana huyu ana akili kiasi gani. Aliuliza kwamba mwalimu wake ana ujuzi kiasi gani wa kufundisha.

Akachagua kazi ambayo watu walio wengi, hata wenye elimu, hawaiwezi bila kufundishwa, nayo ni kuunganisha breki ya baisikeli, ile ikaayo ndani ya gurudumu la nyuma. Ilikuwa na vipande 15. Akawachukua vijana 64 ambao walihesabiwa kuwa na upungufu mkubwa wa akili. Wao walikuwa katika vyumba vya kazi vya kutengwa, mahali ambapo watu hupewa kazi nyepesi sana kwa ujira mdogo. Gold akaipasua kazi ile hatua kwa hatua, akapanga vipande kwa utaratibu wake mbele ya kijana, na kwa wengine akapaka rangi upande uliopasa kutazama juu. Hakusema maneno mengi. Kijana akikosea, alimwambia ajaribu kwa njia nyingine. Habari ya uchunguzi huo ilitolewa mwaka 1972: vijana wote, isipokuwa mmoja tu, waliijua ile kazi, tena wakapewa breki nyingine yenye vipande 24.

Msomaji atakumbuka Séguin na vipande vyake vidogo vidogo. Neno lilikuwa lile lile, limelala kwa miaka zaidi ya 100. Ila Gold aliongeza jambo moja zito: kama kijana hakujifunza, kosa la kwanza litafutwe katika mafundisho kabla ya kutafutwa katika kijana. Neno hilo latuchoma sisi walimu, nalo ni haki lituchome.

Kutoka hapo njia ikageuka. Zamani ilisemwa, mfundishe kijana mpaka awe tayari, kisha mtafutie kazi. Na miaka ikapita, wala hakuwa tayari. Sasa wengine wakaanza kusema, mtafutie kazi halisi mahali halisi, kisha mfundishe papo hapo, naye awe na msaidizi karibu mpaka aizoee.

Mfano mzuri ulianza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya mji wa Cincinnati, Marekani. Muuguzi aitwaye Erin Riehle, aliyesimamia chumba cha wagonjwa wa dharura, alikuwa na taabu ya watumishi. Kazi ya kujaza vifaa katika makabati ilikuwa ya kurudiwarudiwa, na kila aliyeajiriwa aliiacha upesi. Akawaza ya kuwa labda wako vijana wenye akili nzito ambao wangeifanya kwa uaminifu. Akashirikiana na mwalimu wa ufundi, Susie Rutkowski, wakaanzisha mpango uitwao Project SEARCH. Kijana aliye katika mwaka wake wa mwisho wa shule hafundishwi tena shuleni, bali darasa lenyewe limo katika hospitali. Kila siku hufanya kazi chini ya wafanyakazi wa kweli, na katika mwaka mmoja hupita katika idara tatu mbalimbali, ili ijulikane ni kazi ipi imfaayo. Mpango huo umeenea katika nchi nyingine, Uingereza mojawapo. Kama ilivyokuwa kwa Montal, mwanzo wake haukuwa sadaka. Ilikuwapo kazi iliyotakiwa, akakosekana wa kuifanya.

V. SHERIA, NA MIAKA YA MWISHO YA SHULE

Mwaka 1978 halmashauri ya Uingereza iliyoongozwa na Mary Warnock ilitoa taarifa yake juu ya watoto wenye mahitaji ya pekee katika elimu. Ilisema ya kuwa mtoto mmoja katika kila watano huenda akahitaji msaada wa namna hiyo wakati fulani wa masomo yake. Basi hawa si watu wachache wa ajabu, bali ni watoto wetu. Ilitaja mambo matatu ya kutangulizwa: mafunzo ya walimu, watoto walio chini ya miaka 5, na vijana waliozidi miaka 16. Hilo la mwisho ndilo letu, yaani pengo lililo kati ya shule na utu uzima.

Baada ya miaka mingi, sheria ya Uingereza ya mwaka 2014 ilikubali ya kuwa kwa vijana wenye mahitaji makubwa msaada waweza kuendelea mpaka miaka 25, na ya kuwa matayarisho ya utu uzima yaanze kijana angali na miaka 13 au 14. Mambo yanayotazamwa ni manne: kazi, makao, kushirikiana na watu, na afya. Hata huko sheria na matendo haviendi sikuzote kwa mwendo mmoja. Lakini jambo la kuanza mapema ni la hekima. Anayengoja mwaka wa mwisho ndipo aulize, "Huyu atafanya kazi gani?" ameuliza wakati mvua zimekwisha kunyesha na shamba halijalimwa.

VI. NA KWETU JE?

Nasi hatukuanza leo. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona huko Thika, Kenya, mwaka 1946. Mwaka 1950 ilianzishwa shule ya wasioona ya Buigiri, katika nchi ya Ugogo karibu na Dodoma, chini ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 1963 ikafunguliwa shule ya viziwi huko Tabora. Machakos nako kikaanzishwa chuo cha ufundi kwa wasioona. Wamo walimu, mawakili na watumishi wa serikali waliotoka katika shule za namna hii, na jambo hilo lajulikana.

Sheria nazo zipo. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu yanataja wazi haki ya kufanya kazi pamoja na watu wengine. Kenya na Uganda ziliyathibitisha mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yasema ya kuwa mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi, watu wenye ulemavu wasipungue asilimia 3 ya watumishi wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yataka nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika mabaraza ya umma zifikie hatua kwa hatua asilimia 5 kwa watu hao.

Lakini vijiji vyetu havina waajiri wa watumishi 20. Vina fundi cherehani mmoja, seremala mmoja, mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, na mashamba. Kwa hiyo sheria hizo, ingawa ni njema, hazitafika barazani kwa yule kijana zisipochukuliwa na mikono ya watu. Na habari tulizozisimulia zaonyesha mikono hiyo ifanye nini.

Mzazi asingoje shule imalize. Kijana wa miaka 13 aweza kuwa na kazi yake nyumbani, kazi ya kweli ambayo isipofanyika itaonekana: kuwapa kuku maji, kukoboa mahindi, kuhesabu debe. Naye akikosea asinyang'anywe, bali kazi ipasuliwe vipande, kipande kimoja kikizoewa kifuatwe na kingine. Mwalimu asitosheke na kusema mtoto huyu amejitahidi, bali aulize kijiji chanunua nini, na kipi katika hivyo chaweza kufanywa na huyu. Tusiwafundishe wote kufuma vikapu kwa sababu wengine walifuma vikapu. Na fundi, mwenye karakana yake, ndiye aliyeshika ufunguo ambao mwalimu wala mzazi hanao. Montal alikuwa fundi kamili kabla hajapata mteja, lakini angalikufa maskini kama asingalipatikana mtu mmoja wa kumwambia, "Njoo, jaribu zangu."

Ile hofu ya mzazi yabaki: "Nitakapokufa, ni nani atakayemtunza?" Majumba ya kufungia watu yalijaribu kuijibu kwa kuta. Jibu lililo bora ni kijiji chote kumzoea kijana huyo akifanya kazi mzazi angali hai, ili siku ya msiba watu wasiulizane ni nani atakayemchukua, bali wamjue kuwa ndiye asagaye unga wao, ndiye ashonaye vifungo vya mashati yao, ndiye mwenziwao. Mtu ambaye watu wamhitaji hasahauliki upesi.

Wazee walisema pia, "Hujafa hujaumbika." Hakuna ajuaye atakavyokuwa kesho. Basi leo, tulio na macho na akili na nguvu, tutazame kule barazani. Siku mbili za mgeni zimepita zamani sana, na jembe lingali limesimamishwa nyuma ya mlango.